Paskazia na Shujaa wa Kofia ya Chuma

Pale Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, watafsiri wa filamu wote walikuwa na ndevu, isipokuwa Paskazia. Miaka mitatu aliwakaangia wachimbaji maandazi mlangoni mwa banda la video la Mzee Masudi, huku Benjamini akitafsiri mapigano ya filamu za Kichina kwa kipaza sauti kama anayesoma tangazo la msiba. Benjamini alipokwenda Ushirombo kumuuguza mama yake, Paskazia hakuomba nafasi. Aliichukua.

Akachagua kitu kigeni kabisa, alichokipata kwenye flashi ya dereva wa lori wa Isaka: tamthilia ya Kijapani ya fundi baiskeli anayegeuka shujaa mwenye kofia ya chuma na kupambana na majitu. Majitu yenyewe ni watu waliovaa magamba ya mpira, mishono unaiona. Kijapani hakukijua, lakini Benjamini naye Kichina alikijulia wapi?

Jumamosi ya kwanza aliharibu. Fundi baiskeli alisimama mbele ya jitu, akanyoosha mikono, akaanza kujitaja jina lake mwenyewe, na lile jitu likamngoja kwa adabu zote.

"Linasubiri nini? Si limpige!" akapaza sauti Marwa, mchimbaji kutoka Tarime, mwenye mdomo mpana kuliko shimo analochimba.

Banda likaangua kicheko. Paskazia akaona aibu, akasogeza picha mbele hadi kwenye ngumi. Basi hakuna aliyeona kofia ikivaliwa, wala aliyejua mwenye kofia ni nani.

"Na yule fundi kakimbilia wapi?" akauliza Marwa, wakacheka hadi mwisho.

Mzee Masudi hakucheka. "Jumamosi ijayo wakikucheka tena, kipaza sauti nakichukua, namngoja Benjamini. Kutafsiri vita ni kazi ya wanaume."

"Nimekusikia, Mzee. Lakini Jumamosi ijayo ni yangu."

Alirudi nyumbani amefura, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe. Yeye, binti wa manju! Baba yake, Mageni, aliongoza Bagika, kundi la Wasukuma la ngoma za mashindano, kila baada ya mavuno. Aliingia uwanjani, akasimama, akajisifu, akamtaja babu yake na babu wa babu yake, na hakuna mpinzani aliyethubutu kumgusa kabla hajamaliza. Kumbe Wajapani nao wanalijua hilo, na yeye amelikata kwa kuogopa kicheko cha Marwa! Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Jumamosi ya pili hakusogeza chochote. Fundi aliponyoosha mikono, Paskazia naye akasimama, akamsemea kwa sauti ya baba yake, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Mimi ndiye! Ng'wana Mageni, binti wa manju! Miaka mitatu nimekaanga maandazi yenu masikio yakiwa wazi! Nani kasema mwanamke hatafsiri vita? Ajitokeze!"

Watu wakacheka, safari hii kwa raha, wengine wakigonga mabenchi. Mzee Masudi yeye alisikia kicheko tu. Akaja mbele, mkono ameunyoosha kudai kipaza sauti. Paskazia akakikumbatia kifuani, hakurudi nyuma hata hatua moja.

Marwa akainuka kutoka benchi la mbele, akamzuia mzee kwa mkono uliojaa vumbi la mawe.

"Subiri, Mzee. Hajamaliza kujitambulisha."