Barua ya Chini Kabisa

Mwaka wangu wa mwisho wa chuo Nairobi nilifanya kazi katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nami mwenyewe mgeni, nimetoka Kigoma. Kila mwanafunzi ambaye pasi yake ya masomo, kile kibali cha kukaa nchini, ilikaribia kuisha alikuja mezani kwangu. Nilimpigia chapa barua ya chuo ya kuombea pasi mpya, nikaiweka kwenye faili, na madam, mkuu wa ofisi, akatia sahihi baada ya chai ya saa nne. Hakuzidisha barua kumi kwa siku. Ya kumi ikishapita, anafunika kalamu, basi.

Barua yangu niliiandika mapema, nikaiweka chini kabisa. Kila asubuhi alikuja mtu na haraka zake, "Sasa, si unisaidie yangu iende leo," nami nikaipandisha yake juu. Bibi aliyenilea alinifunza kwamba anayepakua hula mwisho, na kujipakulia kwanza ni kuaibisha ukoo. Nikajiona mstaarabu. Ustaarabu gani ule? Ujinga mtupu.

Pasi yangu ikaisha. Madam alipoifikia barua yangu alicheka. "Lakini si wewe uko hapa kila siku? Ungeniambia tu nisaini." Akasaini. Pasipoti yangu ikapelekwa uhamiaji kugongwa pasi mpya, ikakaa huko.

Wiki iliyofuata mama akapiga simu. Bibi yu taabani, na ananitaka mimi. Nilimwendea madam mbio, nikamsihi awaombe uhamiaji wanirudishie pasipoti. Hakuinua hata macho. "Huko wako na foleni yao. Ngoja kama wengine."

Kama wengine. Hao wengine niliwapitisha mimi, kwa mikono yangu hii, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunijulia hali. Yule madam namchukia mpaka leo. Najichukia zaidi.

Niliishi mtaa wa Mountain View na msichana wa Kakamega, tuliyechangia naye chumba. Yeye alinishauri nivuke mpaka kwa njia za panya. Kuvuka ningevuka, lakini ningerudije? Mitihani ya mwisho ilibakiza siku kumi. Nikampima bibi na shahada, nikachagua shahada, nikajidanganya kwamba wazee huugua wakapona.

Walimzika Jumamosi. Jumatatu nilikuwa mezani, napiga chapa barua za watu.

Pasipoti ilitoka baada ya mitihani. Nilipofika nyumbani mama alinipeleka kaburini, udongo ukiwa bado mwekundu. Nilitaka anigombeze, anipige hata. Wala hakunilaumu.

"Nilimwambia uko njiani," alisema. "Ningemwambia nini? Siku zake nne za mwisho, kila mlango ulipogongwa, alijaribu kuinuka akufungulie."