Kiberiti Kwenye Pindo la Kanga

Jiko langu la gesi lina kitufe cha kuwashia ambacho kilikufa zamani, na sina haraka ya kukitengeneza. Nawasha kwa kiberiti. Watoto wangu wananicheka, wanasema mama ana mambo ya kizamani. Hawajui kwamba njiti ikishazimwa, kile kimoshi kinachopanda na kuwasha pua kidogo hunifanya nisimame hapo jikoni kwangu Mpanda nikasahau nilichokuwa nafanya. Narudi chini ya turubai la buluu, porini baada ya Kabungu, mvua inanyesha, na watu wazima watatu wamenyamaza wakimtazama mama yangu.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nimeanzia mwisho.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Misunkumilo, na pia mzee wa kanisa. Kanisa letu lilikuwa dogo, la mabati na viti vya kuazima, lakini lilikuwa na mpango wa kutuma familia moja bonde la Rukwa, kwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko na ng'ombe wao. Tangazo liliposomwa baba akasimama kabla halijaisha. Akasema ameitwa kuwa mmisionari. Cherehani akampa baba mdogo. Kwaya ikatuaga kwa wimbo mrefu, akina mama wakalia, na mimi, mtoto wa darasa la tatu, niliona raha kweli kuagwa, maana hata wasichana walioninyima kamba ya kuruka siku zote walinikumbatia.

Mama hakulia. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga lipu nyumba yetu, yeye na shangazi, kwa mchanga waliousomba kichwani. Nyuma alikuwa na tuta la mchicha na mpera ulioanza kuzaa. Siku ya kuondoka alifunga mlango, akauvuta kuhakikisha, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake. Kwenye pindo hilo hilo akatia na kiberiti. Nilimwona, naye akaona kwamba nimemwona, akanitazama kwa lile jicho ambalo kila mtoto wa nyumbani kwetu alilijua.

Kiberiti kilikuwa kimekatazwa. Kabla ya kupelekwa bondeni, familia ilitakiwa ikae kwanza porini wiki nzima, ijifunze. Aliyetufundisha ni Mwalimu Zakaria, mzee mfupi mwenye maneno machache na baiskeli yenye kelele nyingi. Alituambia tubebe turubai, sufuria, unga, maharage, mablanketi, panga na Biblia. Chumvi na kiberiti tuviache. Baba akauliza kama ni kwa ajili ya kujifunza uvumilivu.

"Mgeni asiyehitaji kitu hana jirani," Mwalimu akajibu.

Baba akaitikia amina kwa sauti, lakini nadhani hakulisikia neno lenyewe, kwa sababu tulipofika porini jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta kijiti cha kupekecha moto. La pili ni kuchagua mahali pa kambi. Akapata uwanja mweupe, safi, hauna hata unyasi. Akasema Bwana ametufagilia. Tukafunga turubai, tukalala.

Nyie mnaoishi na ng'ombe mmeshajua kilichotokea. Asubuhi kundi zima la mzee Masanja, Msukuma jirani yetu wa pale, likapita kwenda mtoni kwa njia yake ya kila siku, na njia hiyo ilikuwa juu yetu. Dume moja liliondoka na turubai letu limenasa kwenye pembe, likitembea nalo taratibu kama bibi harusi. Mzee Masanja alikuja nyuma na fimbo yake, akalifungua, akamkabidhi baba kwa adabu kubwa.

"Mgeni," akasema, "hapa ni barabara."

Vijana wake walikuwa wamegeukia upande mwingine, mabega yanatikisika. Tukahamia chini ya mninga.

Halafu ikaja habari ya moto. Baba alikaa chini akapekecha kijiti chake mpaka jua likawa utosini. Mikono ya fundi cherehani ni laini jamani, ilitoka malengelenge yote miwili. Mwisho akainuka akaenda kukata fito. Mama alisubiri mpaka panga likasikika mbali, akafungua pindo, akawasha. Baba aliporudi akakuta moto unawaka.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina," akasema mama, akichochea. "Kilishika ulipoondoka tu."

Ikawa hivyo kila siku. Baba anapekecha, anaondoka, kijiti kinashika. Alianza kukitaja kile kijiti kwa heshima, akakitundika mahali pakavu. Mimi nilimwogopea mama. Niliona amevunja sharti la Mwalimu na anamdanganya mtumishi wa Mungu, tena mumewe, nikawa namwombea kimya kimya kabla ya kula.

Jioni baba alikwenda kwa mzee Masanja na Biblia yake. Walimpa kigoda, wakampa maziwa, wakamsikiliza, wakasema ndiyo, ndiyo. Akarudi. Kwetu hakuja mtu. Watoto wao walisimama kwa mbali wakatuangalia kama tunavyoangalia gari lililoharibika, kisha wakaenda zao. Yona, mdogo wangu, alilia kila alipopewa maharage yasiyo na chumvi.

Katikati ya wiki tukaisikia baiskeli ya Mwalimu Zakaria kabla hatujamwona. Alikaa juu ya jiwe, akanywa uji wetu bila kukunja uso.

"Nani amekuja hapa kwenu?" akauliza.

Baba akaanza kueleza safari zake za jioni.

"Sikuulizi ulikokwenda, fundi. Nauliza aliyekuja."

Mwalimu akafuta midomo. "Narudi Jumamosi. Nikikuta hakuna hata mmoja aliyewatembelea bila kuitwa, nyie mtarudi nyumbani. Hakuna ubaya. Kila mtu na wito wake."

Kusema hakuna ubaya ni rahisi. Cherehani ilikuwa kwa baba mdogo, kwaya ilikwishaimba, na mtu aliyeagwa hivyo hawezi kurudi wiki inayofuata kununua nyanya sokoni kana kwamba hakuna kitu. Jioni ile baba hakwenda popote. Alikaa anasugua kidole gumba na cha shahada, kama anatafuta uzi aingize kwenye sindano. Wakati wa kula alisahau kuomba, mama akaomba badala yake. Nilimwonea baba huruma mpaka chakula kikanishinda.

Kesho yake asubuhi mama aliokota kigae cha chungu, akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Kuomba moto."

"Si kijiti kipo?"

"Kimechoka, baba Ester. Nacho ni kiumbe."

Baba akakitazama kijiti.

Inabidi mumjue mama ndiyo mwone uzito wa kile kigae. Yeye ni Mfipa, na bibi aliyemlea alifukia makaa kwenye majivu kila jioni ili asubuhi asimgongee mtu. "Nyumba inayoomba moto haina mwenyewe," ndivyo bibi alivyosema, na mama alitulea kwa neno hilo. Hakuwahi kuazima hata ungo. Sasa alikuwa anatembea mbele yangu amekaza shingo, kama mtu aliyeitwa polisi.

"Mama," nikanong'ona, "kiberiti si kipo?"

"Nyamaza. Kiberiti hakijui kusalimia."

Mke wa mzee Masanja aliitwa Nkwimba, mama mkubwa wa mwili, mguu mmoja unachechemea. Nikapiga magoti nikasema "Mwangaluka, mayu," salamu ya asubuhi ya Kisukuma ambayo Mwalimu alitufundisha. Mama naye akapiga, ulimi ukamkwama katikati. Nkwimba akacheka vizuri, siyo kwa dharau, akaitikia, akasogeza kigoda.

Moto haukutolewa upesi. Kwanza tuliulizwa tulivyoamka, watoto walivyoamka, na ng'ombe walivyoamka. Ng'ombe hatukuwa nao, basi mama akaeleza habari za mpera wake. Yakaja maziwa. Wote wawili Kiswahili chao kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, kila mmoja anarukaruka kutafuta neno, na pale mmoja aliposhindwa mwingine alimsaidia kwa neno baya zaidi. Ndipo makaa yakawekwa kwenye kigae. Njiani, kwenye kichuguu, yakazimika. Tukarudi. Nkwimba akatupa mengine, na chumvi kidogo kwenye jani. Siku hiyo Yona hakulia.

Siku iliyofuata makaa yakazimika tena pale pale kwenye kichuguu. Hapo nikaanza kuwa na mashaka. Mwanamke aliyelelewa kwa kufukia makaa hazimikiwi ovyo. Tukarudi tena, wakakaa tena, safari hii wakichambua maharage kwenye ungo mmoja. Nkwimba alimweleza mama juu ya watoto wawili aliowazika huko walikotoka. Mama naye akamweleza wa kwake, aliyezaliwa kabla yangu. Ndivyo nilivyojua kwamba mimi sikuwa wa kwanza. Nilishika jani la chumvi mkononi mpaka likalowa jasho.

Jumamosi ikaamka na mvua, ya kwanza msimu ule, na Mwalimu Zakaria akafika mapema amelowa chapachapa. Hapakuwa na moto. Baba alimtazama mama, akatazama kigae.

"Mvua," akasema mama.

Hakwenda. Na wala hakuwasha, ingawa baba alitoka mara mbili kukaza kamba. Alikaa juu ya gunia, mkono umeshika pindo la kanga, macho yako njiani. Mwalimu alivua soksi akazikamua. Yona akaomba uji, hakuna aliyemjibu. Baba midomo ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa anaomba, na mimi pia niliomba, ingawa nilichanganya na kuomba uji.

"Haya basi," Mwalimu akasema mwishowe, akitafuta viatu vyake. "Mvua ikipungua, fungeni mizigo."

Ndipo Yona akasema, "Mama wa chumvi."

Nkwimba alikuwa anakuja kwenye utelezi, gunia kichwani, anachechemea, ameshika kigae kilichofunikwa na kigae kingine. Aliingia chini ya turubai akatutazama mmoja mmoja.

"Moshi hautoki," akasema. "Mama Ester hajaja. Nikasema huko kuna mgonjwa. Mgonjwa nani?"

Akafunua kigae. Makaa yalikuwa meusi, yamezimika kabisa, yanaelea kwenye maji.

Watu wazima watatu wakayatazama. Halafu mama akafungua pindo. Ufunguo ukaanguka chini, akauacha hapo. Akatoa kiberiti, mbele ya Mwalimu, mbele ya baba, akawasha njiti. Ile harufu ikajaa chini ya turubai. Macho yote yakamhamia yeye, yakabaki hapo mpaka majani makavu yakashika.

Nkwimba ndiye aliyeanza kucheka, akishika ule mguu wake. "Mimi nilijua. Moshi wenu wa siku za kwanza nilikuwa nauona. Nikasema hawa wana kiberiti, shida hawana. Tuwaache."

Mwalimu Zakaria akaweka viatu chini tena. "Bandikeni chai," akasema. Habari ya sharti hakuigusa, siku hiyo wala baadaye. Baba alikishusha kijiti chake, akakigeuza geuza, akakitia motoni. Kilishika vizuri sana.

Mama akaokota ufunguo, akaufuta tope kwa kanga, akampa Mwalimu. "Umpelekee shemeji," akasema. "Mwambie mchicha umwagiliwe jioni, siyo mchana." Niliona ni maagizo ya kawaida ya mtu anayesafiri. Nikaenda kucheza na Yona kwenye mvua.

Tulikwenda bondeni, tukakaa miaka mingi, na kazi ya baba huko ni hadithi nyingine. Mimi nilikua na imani kwamba mama alifanya kosa la kiberiti, akatubu, akasamehewa. Ilinichukua muda mrefu, mpaka nilipokuwa na nyumba yangu mwenyewe ya kufunga na kufungua, ndipo nikajiuliza. Kama angeendelea kuwasha kimya kimya, asingekuja mtu, na Jumamosi ile ile tungelala Misunkumilo. Alilijua hilo kuliko sisi wote. Alikuwa na nyumba yake pindoni, pamoja na kitu cha kumrudisha humo, halafu akachukua kigae.

Baba alipofariki, mama akaja kukaa nami hapa Mpanda. Siku moja tunachambua maharage nikamuuliza, ile asubuhi ya mvua alikuwa anaomba nini.

"Niliomba asije," akasema.

Nikaacha kuchambua.

"Zile siku nyingine nilimpa baba yako. Ile asubuhi moja ilikuwa yangu. Nikakaa, nikamwambia Mungu upande wangu ni upi, aamue mwenyewe." Akapuliza makapi. "Halafu akatokea na mguu wake ule. Mtu amekuletea moto kwenye mvua, utamwambia nini?"

Baba mdogo aliihamia ile nyumba, na sasa ni ya wanawe. Wameiwekea mabati mapya, na mpera umekuwa mti hasa. Tukienda kanisani tunapita hapo, na mama husimama kidogo, akautazama mlango, mkono umeshika pindo la kanga yake. Simharakishi. Pindoni siku hizi mna kiberiti tu.