Leseni ya Gesi na Mwezi wa Redioni

Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa Mji wa Kale, mahali ambapo lori bado liliweza kupita. Uani palikuwa na tangi la gesi lililojazwa na lori la kutoka bandari ya Kilindini, na mamangu aliijaza gesi hiyo kwenye mitungi ya watu ya kupikia. Juu, ghorofani, tulilala sisi. Biashara aliirithi kwa babake, pamoja na leseni iliyokuwa na umri mkubwa kuliko sheria yenyewe. Miaka ile ya tisini sheria mpya ilikataza kujaza gesi katikati ya makazi, lakini haikuwagusa wenye leseni za zamani, mradi wazihuishe kabla hazijafa. Leseni ya mama ingelala bila kuhuishwa siku moja tu, angehesabiwa mwombaji mpya, na mwombaji mpya mtaani kwetu hakuwa na lake.

Ili kuihuisha, ilikuwa lazima mkaguzi wa serikali aje auone ua, kisha atie sahihi yake kwenye leseni yenyewe. Ukaguzi ulitaka kazi ifungwe siku nzima, na katika Ramadhani, mji mzima ukikaanga na kuchemsha tangu alasiri, nani angefunga? Mama akaahidiana na mkaguzi aje siku ya mwisho kabisa ya leseni. Alikwisha kuipigia hesabu siku hiyo. Kwa mwezi tuliouona sisi wenyewe ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya mfungo. Haiwezi kuwa Idd, alisema, na alikuwa na haki ya kusema.

Alichosahau ni kwamba wenzetu waliofuata mwezi uliotangazwa redioni walianza kufunga siku moja kabla yetu.

Tulikuwa kwenye futari redio ilipotangaza kwamba kesho ni Idd na ofisi za serikali zitafungwa. Mama alikunywa uji wake hadi mwisho.

"Mwezi wetu hauji kwa redio," alisema.

"Lakini mkaguzi hafuati mwezi wetu, mama."

Akanitazama kidogo. "Basi kesho twenda Kizingo, nyumbani kwake."

Asubuhi tulipita katikati ya kanzu mpya na harufu ya udi. Watu walitupa mkono wa Idd, nasi tukaupokea, midomo mikavu. Mkaguzi, Mgiriama wa makamo aliyekaa nyumba ya serikali chini ya miti mikubwa, tulimkuta na fulana akiosha gari.

"Sabalkheri, bwana mkaguzi."

"Aa, mama. Idd mubarak. Karibu soda."

"Ahsante. Nimefunga."

"Umefunga? Leo?"

"Serikali ndiyo iliyofungua. Kwangu ni siku ya kazi, na wewe uliniahidi siku ya kazi."

Akacheka hadi akaweka kitambaa chini. "Nyinyi na miezi yenu mtanitia wazimu. Njoo ofisini baada ya sikukuu."

"Baada ya sikukuu hutanikuta na leseni. Utanikuta na tangi la kuchotea maji."

Alinigeukia mimi, kana kwamba ningemwokoa. Sauti ya mkewe ikatoka dirishani: "Nenda nawe. Kwani kuna aliyetualika pilau?"

Akavaa shati, akatupakia kwenye gari lililokuwa bado linachuruzika maji.

Uani alipaka povu la sabuni kwenye kila valvu na kila ungio la bomba, akainama, akangoja. Gesi ikivuja, povu huchemka. Halikuchemka. Nilimwona mama akinyoosha mgongo. Kisha mkaguzi akainua macho kwenye ngazi.

"Juu analala nani?"

"Sisi."

"Hapo siwezi kutia sahihi, mama. Leseni ya babako yakuruhusu tangi. Haikuruhusu kulaza watoto juu yake."

Nilingoja mama ashindane naye, maana nilimjua. Nyumba ile alizaliwa ndani yake, nami pia. Kuta zake za mawe ya matumbawe zilitunza ubaridi wa alfajiri hadi adhuhuri, na mimi, niliyekuwa nimeanza kuandika hadithi, niliamini siwezi kuandika sentensi hata moja nje yake. Mama alinigeukia.

"Panda. Anza na godoro lako."

Tukashusha magodoro, masanduku, kabati la vyombo. Jirani akatokea na sahani ya halua mkononi.

"Mbona mwahama siku ya Idd?"

"Kwetu Idd bado," mama akajibu toka chini ya godoro. "Leo twahamia kwa mamangu."

"Mmefukuzwa?"

"Na nani? Nyumba ni yangu. Nimeiachia gesi."

Mkaguzi alingoja hadi mkeka wa mwisho ulipotoka. Alipanda ngazi, akavizungukia vyumba vitupu, nikasikia viatu vyake vikijibiwa na kuta. Aliposhuka alitia sahihi juu ya boneti la gari lake, akaandika na tarehe ya siku ile.

"Nikisikia kikohozi huko juu, naifuta," alisema.

"Utasikia panya," alijibu mama.

Gari lilipoondoka mama hakutazama juu hata mara moja. Alikunja mikono ya buibui lake, akaanza kuipanga mitungi mitupu ukutani, mmoja baada ya mwingine, kuacha nafasi ya lori.