Ng'ombe wa Lochakapong kwenye Ukuta wa Wandera

Mume wangu Wandera ana wivu. Si ule wa mwanamume anayechungulia simu ya mkewe; huo ningeuzoea, kwani majirani zangu wengi wanao nyumbani na wanalala salama. Wivu wake ni wa kuta. Akipita penye ukuta uliopakwa rangi na mtu mwingine, lazima asimame, apitishe kiganja, anuse vidole, kisha atafute kasoro. Asipoiona, siku hiyo chakula changu hakina chumvi.

Tulitoka Busia kuja Lodwar mwanangu Levis akiwa bado mgongoni, na kazi aliyoipata Wandera hapa ni ya kulinda kuta za maduka. Nikisema hivyo watu hucheka, wananiuliza kama ukuta unaweza kutoroka. Lakini weka ukuta mweupe kando ya barabara uone. Mmoja ataandika jina la msichana kwa mkaa, wa pili atachora bunduki, wa tatu atamtukana wa pili. Wandera alikuwa na dawa yake. Kutoka chini hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu alipaka rangi ya mafuta, kahawia, na ikikauka akaifunika kwa vanishi tabaka juu ya tabaka, mpaka ukuta ukawa laini kama sahani. Hapo mkaa unafutika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na karatasi iliyobandikwa kwa uji wa unga inajidondokea yenyewe. Chini alipanga matawi ya mathenge yenye miiba ili watu wasiegemee. Kila asubuhi alizunguka na ndoo yake, duka hadi duka, akifuta.

Ukuta alioupenda kuliko zote ni wa Sally, mama wa kutoka Kitale mwenye duka la jumla. Ni mrefu, unatazama barabara kuu, na kibanda changu cha chai kiko ng'ambo yake, kwa hiyo hakuna kilichotendeka pale nisikione. Wenye maduka wengine waliuona ukuta huo ndipo wakamwita Wandera. Akiupoteza, angerudi kuwa fundi wa rangi wa kubahatisha kama wengine.

Kuelekea mwisho wa mwaka 2012 kampeni zikapamba moto, na vijana wakaja na rangi za kupuliza. Rangi ya kupuliza si mkaa. Kuitoa kunahitaji thina, ile ya kuyeyushia rangi, na thina inakula vanishi pia. Kila asubuhi Wandera alifuta jina la mheshimiwa mmoja, jioni akaletewa jina la mpinzani wake, na ukuta ukaanza kuwa na mabaka. Siku moja Sally alirudi kutoka Kakuma akavuka barabara hadi kibandani kwangu, ambako Wandera alikuwa anakunywa chai.

"Fundi, Kakuma kwa duka ya dada yangu kuna ng'ombe kwa ukuta. Imechorwa na Mkongo wa kambi ya wakimbizi, anaitwa Firmin. Kampeni yote hii, hakuna mtu ameweka hata alama!"

"Ng'ombe, madam?"

"Ng'ombe. Na kwangu kila siku naamka na jina ya mtu. Hii ikiendelea, namwita huyo Mkongo."

Wandera aliacha chai yake ikapoa. Kesho yake akaniambia anakwenda Kakuma kutafuta rangi. Rangi gani hiyo isiyopatikana Lodwar? Nikafunga kibanda nikaenda naye, nikisingizia maharagwe.

Nisiwadanganye, yule ng'ombe alikuwa mzuri. Dume jeupe lenye madoa ya kijivu, pembe moja imeelekea mbele na nyingine imekunjwa nyuma, kengele shingoni. Kando yake alikuwa ameketi mlinzi wa duka, mzee aitwaye Nabei, na wapita njia walikuwa wakimsalimu yeye na kumtazama ng'ombe. Mimi nikaropoka. "Baba Levis," nikasema, "huyu anapumua."

Ningejua yatakayofuata ningejifunga mdomo kwa leso. Wandera alikuwa ameinama anakwaruza ukuta kwa ukucha, akitafuta pa kulaumu, na hakupata. Ndipo akaja Firmin mwenyewe, kijana mwembamba mwenye adabu nyingi.

"Papa, weye ni ule fundi wa Lodwar? Banasemaka kuta zako zinangaa sana."

"Unaweka nini juu ndio watu wasiandike?" Wandera akamuuliza bila salamu.

"Hapana kitu, papa. Rangi tu."

Tulipofika njiani Wandera akanigeukia. "Anaficha," akasema. "Kuna dawa anachanganya." Na nilipojaribu kumwambia kwamba pengine kijana anasema kweli, akaniuliza tangu lini nimekuwa wakili wa Wakongo.

Akaamua kuchora ng'ombe wake. Alichora yule wa baba yake kule Busia, ng'ombe wa maziwa, mweusi kwa mweupe, hana pembe, ana kiwele kinachokaribia kugusa chini. Kama picha haikuwa mbaya. Ila haukupita muda akavalishwa miwani, na ubavuni akaandikwa jina la mgombea kwa herufi kubwa. Wandera akamwendea Lochakapong, mlinzi wa Sally, aliyekuwa ameketi juu ya kigoda chake kama kawaida.

"Ulikuwa wapi watu wakiandika?"

"Hapa."

"Na ukaangalia tu?"

"Fundi, hii ng'ombe ni ya nani?"

"Ni ya duka."

"Duka haina ng'ombe," Lochakapong akasema. "Kama haina mwenyewe, mimi nakataza nani?" Kisha akauliza kwa upole, "Na pembe ilienda wapi?"

Nilicheka mpaka chai ikanipanda puani. Sally hakucheka. Alimpigia simu dada yake siku hiyohiyo, na Wandera akaamriwa amfute ng'ombe wake na kumwandalia Mkongo ukuta.

Hapo ndipo wivu ulipomtoa mume wangu akili. Kila fundi wa rangi anajua kwamba huwezi kupaka rangi mpya juu ya vanishi. Lazima uparuze kwa msasa mpaka mng'ao wote utoke, la sivyo rangi itakaa juu juu na jua likiipiga itabanduka kama ngozi ya kidonda. Mimi nilikuwa ng'ambo nikimwangalia. Alimfuta ng'ombe, akapaka rangi nyeupe ya kwanza moja kwa moja juu ya mng'ao. Msasa ulibaki kwenye mfuko wake.

"Baba Levis, hujaparuza," nikamwambia alipokuja kula.

"Pika chai yako, mama."

Firmin alikuja na karatasi yake ya ruhusa ya kutoka kambini. Hakugusa brashi. Alimwamkia Lochakapong, "Ejok," akaketi chini kando yake, wakaongea asubuhi nzima. Mimi nikapeleka chai ili nisikie. Kumbe yule wa Kakuma ni ng'ombe wa Nabei, wa kweli, mwenye jina, ambaye Nabei humwimbia. Mwanamume wa Kiturkana na dume lake ni kitu kimoja; ukimwandika ng'ombe umemwandika mwenyewe usoni. Firmin hakuwa na dawa yoyote. Alikuwa ameuliza tu.

"Na ya kwako, papa? Iko namna gani?"

Dume lake lilichukuliwa na wezi wa mifugo upande wa Lokori, Lochakapong akasema, na ndiyo maana yeye alikuja mjini kulinda sukari ya watu. Jekundu, uso mweupe, pembe zimekutana juu kama mikono ya mtu anayecheza. Sikio la kushoto limechanika. Sisi tulikuwa tumekaa na mzee huyu miaka yote hiyo, tukimpa chai, na hatukuwahi kumuuliza alikotoka.

Nikamtazama Wandera. Uso ulikuwa umemshuka. Firmin alisimama, akapitisha mkono ukutani.

"Papa Wandera, uliparuza?"

Kulikuwa na nafasi pale ya kusema. Niliiona, na yeye aliiona.

"Nimeparuza," akasema mume wangu.

Basi ng'ombe akachorwa. Lochakapong alisimama nyuma ya Firmin akirekebisha pembe, sikio, namna mkia unavyokaa, na dume lilipotimia akainua mikono juu kwa mfano wa zile pembe, akaimba katikati ya barabara. Watu walisimamisha pikipiki. Uchaguzi wa Machi ulikuja ukapita, miji yote ikapakwa majina, na ukuta wa Sally haukuguswa. Wanawake walikuja kupiga picha na watoto wao. Wote waliuliza ni nani kachora, wote walijibiwa Firmin, na kila jina hilo likitajwa Wandera alikuwa akisugua ndoo yake kwa nguvu zisizohitajika.

Rangi ilianza kubanduka begani. Kisha shingoni. Kisha kipande kikubwa cha uso mweupe kikaanguka pamoja na jicho. Wandera alikuwa amengoja siku hiyo, nami nilimwona akija, anatembea kwa madaha. Akamkuta Lochakapong amepiga magoti katikati ya matawi ya miiba, anaokota maganda ya rangi na kuyaweka kwenye shuka lake.

"Fundi," mzee akasema, "wewe ni mtu ya ukuta. Angalia. Ng'ombe yangu inaenda tena."

Sally akatoka dukani akifoka. "Huyo Mkongo ameniuzia takataka! Sitaki kumwona tena kwa ukuta yangu. Heri wewe, Wandera, heri wewe wangu."

Ni hayo aliyokuwa ameyatamani tangu Kakuma, neno kwa neno. Niliweka birika chini nisikose kumwona akiyafurahia. Akayatazama maganda kwenye shuka la mzee.

"Rangi yake haina shida, madam," akasema.

"Sasa shida ni nini?"

"Ni jua."

Sally akatazama juu, akamtazama yeye. "Kwani mwaka jana hatukuwa na jua?"

"Usimwite mtu," Wandera akasema. "Nitamaliza mimi. Sitaki malipo."

Alichukua karatasi za mifuko ya simiti akanakili mistari ya Firmin yote, mpaka kwato. Kisha akatoa msasa. Aliparuza hadi plasta, akawa mwekundu wa vumbi hadi kwenye nyusi. Akapaka upya, pole pole, Lochakapong akiwa ameketi nyuma yake kwenye kigoda. "Pembe hapana. Rudi kidogo. Hapana. Rudi." Usoni hakukuwa na mstari wa kunakili, ulikuwa umeanguka, kwa hiyo jicho alilichora kwa maneno ya mzee peke yake. Alilifuta na kulirudia hadi nikachoka kutazama. Alipomaliza, Lochakapong akaligusa dume lake pua.

"Imerudi," akasema.

Jicho lile, nawaambia, linakufuata hadi upande wa pili wa barabara. Hata lile la Firmin halikuwa hivyo. Siku alipopita Lodwar akisindikiza wagonjwa hospitalini, watu walimzunguka pale ukutani wakamshika mikono. Ng'ombe wako, Mkongo! Jicho hilo uliliweza! Firmin akasogea karibu, akalitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole pembeni mwake. Kisha akageuka akamtazama Wandera, aliyekuwa ameinamia ndoo. Wandera hangeweza kusema ni lake. Wangeuliza lile la kwanza lilikwenda wapi, na kwa nini.

"Asanti," Firmin akawaambia watu. "Asanti sana."

Wandera akavuka barabara, akaketi kwenye benchi langu.

"Umemsikia?" akaniuliza. "Umesikia vile amesema asante?"

Nikamwambia jicho lile linapumua. Hakunisikia. Alikuwa anaitazama kazi ya mikono yake mwenyewe ng'ambo ya barabara, na roho inamuuma kwa wivu.