Redio Isiyozimika

Naandika haya masikio yakiwaka kwa aibu. Mimi ndiye yule fundi redio wa Vwawa anayejitapa kwamba hakuna mtambo unaomshinda.

Redio ya Mzee Nzunda wa Isansa ilikaa kwangu wiki nyingi. Alitaka kusikia salamu za mwanawe aliyeko migodini Kitwe, na kila alipotuma mtu kuuliza nilijibu, "Mwambieni mzee, kesho." Jumamosi ndipo nikaifungua, kumbe ni swichi tu iliyokufa, ile ya kuwashia na kupunguzia sauti. Sikuwa na nyingine, basi nikaunga waya moja kwa moja kwenye betri, nikakaza skrubu za kifuniko. Ikanguruma! Sasa haizimiki, lakini nani atake kuizima?

Nikaifunga nyuma ya baiskeli, kituo cha Lusaka kikipiga dansi, nikaondoka nayo hivyo hivyo ili watu wasikie kazi yangu. Karibu na Isansa nikakuta wanaume wamevua kofia, nikajua wananiheshimu. Mama mmoja akanipungia kanga kwa nguvu. Nikadhani anacheza, nikampigia kengele.

Nikaingia uani kwa mzee. Watu walikuwa wameketi chini, kimya, wanawake wamejifunika vichwa. Ulikuwa msiba. Nikapapasa mfukoni, bisibisi nimeiacha Vwawa. Nikapiga magoti, nikahangaika na skrubu kwa kucha, gitaa likilia na kila mtu akinitazama.

Mke wa mzee akainua uso.

"Usihangaike, fundi," akasema. "Iingize ndani alikolazwa. Mwenyewe aliisubiri mpaka akachoka."