Siku Mama Alipokwenda Kliniki Akiwa Ameshiba

Nilirudi nyumbani Ulaya, kijiji chetu na si ile ya Wazungu, baada ya kumaliza chuo, nikiwa na shahada, simu iliyopasuka kioo, na tabia ya kulifikiria kila jambo mpaka linapoteza maana. Nikishatuma maombi ya kazi, naisoma tena ile barua kutafuta kosa ambalo siwezi tena kulisahihisha. Nikisikia mama anakohoa, najiorodheshea magonjwa. Kwa hiyo siku nilipochukua kandambili zake nizioshe, nilizigeuza kwanza nikazichunguza. Mtu mwingine angezimwagia maji tu.

Kandambili ya kushoto ilikuwa na mwiba wa mgunga. Ulikuwa umeingia kwa chini, ukatoboa soli na kutokeza juu, pale panapokaa unyayo karibu na kidole gumba. Ncha yake ilikuwa na damu iliyokauka.

Nilimuuliza mama kama mguu unamuuma. Akasema hapana, kwa nini umuume. Nikamwomba anionyeshe unyayo. Akasema msomi ameanza, lakini akaunyoosha mguu, nami nikaona kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi, kingo zake nyeupe, katikati kina shimo. Alikuwa ametembea na ule mwiba hadi shambani na kurudi, hadi gulioni na kurudi, na hakuwa na habari nao. Nilipomwonyesha, aliutazama kama kitu cha mtu mwingine.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kwenye simu kujua kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huua hisia za miguu, na kwamba kidonda kisichouma ndicho kinachofika hadi kwa msumeno. Nilimwambia, ila neno msumeno nilibaki nalo.

"Sukari yangu iko vizuri," akajibu. "Waulize kliniki."

Na kweli, kliniki ilikuwa vizuri kila mara. Kituo cha afya tunachokwenda kiko upande wa Mikumi, na siku ya kliniki wagonjwa wa sukari hukaa kwenye benchi refu barazani. Muuguzi anamtoboa mtu kidole, anasoma namba kwa sauti ili mwenzake mezani aandike, na benchi zima linasikia. Namba ikiwa kubwa, benchi linauliza harusi ilikuwa ya nani. Ikiwa ndogo, linapongeza. Mama yangu alikuwa anapongezwa. Wengine walimuuliza anatumia dawa gani, naye alitabasamu tu kama mwanafunzi anayeongoza darasa.

Siri yake niliijua kwa kuishi naye. Siku mbili kabla ya kliniki, ugali ulitoweka nyumbani kwetu. Mama alikula mchicha mtupu, akanywa maji ya majani ya mlonge yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi, na vidonge vyake akavimeza maradufu. Hilo aliliita kujiandaa. Safari moja alijiandaa hadi akaanza kutetemeka na kutoka jasho akiwa juu ya bodaboda, ikabidi dereva asimame. Tukitoka kliniki, tulipitia kwa mama ntilie, naye akaagiza sahani ya wali iliyojaa na soda ya baridi. Kisha nyumbani ugali ulirudi, na vidonge vikamezwa siku anayojisikia vibaya.

Si yeye peke yake. Karibu benchi zima lilikuwa linajiandaa. Niliwaelewa mara moja, maana na mimi nilimaliza chuo kwa namna hiyohiyo, nikijaza kichwa usiku wa mwisho na kumwaga chote mlangoni mwa chumba cha mtihani. Tofauti ni kwamba mimi nilipewa cheti, na yeye alikuwa anatibiwa kwa namba ya mtu ambaye hakuwepo.

Kliniki ilikuwa imekaribia. Nilimweleza mama taratibu kwamba safari hii aende kama alivyo, ameze dawa kama zilivyoandikwa, ale kama siku zote, ili daktari aone ukweli kabla kidonda hakijaenda mbali. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Unataka nikaumbuke mbele za watu?" akaniuliza.

Nilikwenda kukaa uani nikayapanga yote yanayowezekana. Nikimtangulia kwa muuguzi nikamweleza kila kitu, mama hataniruhusu tena kumsindikiza. Nikimwacha, atafaulu tena, watampa vidonge vilevile, na mguu utaendelea kuoza kimyakimya. Nikimtisha, atasema nimemwombea mabaya. Nilizunguka hapo mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Ndipo nikaona kwamba maneno ninayo, ila mtoto hana ruhusa ya kuyasema. Aliyekuwa na ruhusa ni mtani wake.

Mtani wa mama ni mzee anayekaa upande wa pili wa barabara. Babu yake alikuja huku kujenga reli, na kabila lao na la mama ni watani tangu zamani. Anaingia kwetu bila hodi, anafunua masufuria, anamwita mama mke wangu, na mama humtukana kwa raha zake zote. Naye ana sukari na hukaa kwenye benchi lilelile. Mguu wake wa kulia hauna kidole kimoja.

Nilikwenda kwake nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, nikamweleza juu ya mwiba na ule mlonge.

"Kwa hiyo unanituma nikamtukane mama yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Kazi ndogo hiyo."

Alikuja jioni, mama akiwa anachochea moto chini ya sufuria ya mlonge. Alifunua, akanusa, akafunika. Kisha akakaa kwenye kigoda na kuutazama mguu wa mama uliofungwa kitambaa.

"Mke wangu, wakiukata huo, kandambili ya kushoto nipe mimi. Mguu mmoja hauhitaji pea."

Mama alicheka akamwambia akafie mbele huko na vidole vyake tisa. Mzee naye akacheka, kisha akavua kiatu chake cha kulia, akauweka mguu karibu na moto ili uonekane.

"Mimi nilikuwa nafaulu kukuzidi wewe," akasema. "Nimefaulu mpaka kidole kikaondoka. Hawa wa benchini walinipigia makofi, na kidole kilikuwa kimeshaanza kunuka."

Mama alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mzee aliomba chumvi, akapewa, akaondoka. Baada ya muda mama aliinuka, akaishika sufuria kwa kanga, akaenda kumwaga mlonge wote nyuma ya choo. Aliporudi aliniambia nisonge ugali.

Asubuhi ya kliniki alikunywa chai kwa kiporo cha ugali, akameza vidonge vyake kama vilivyoandikwa. Njia nzima niliwaza kwamba atabadili mawazo. Alipotobolewa kidole, nilikuwa nimesimama karibu sana hadi muuguzi akaniomba nisogee.

"Kumi na tisa nukta nne," akasoma. Akaitazama mashine, akarudia kupima. Ilikuwa vilevile.

Benchi zima liligeuka kumtazama. Halafu mwanamke mmoja akauliza kwa upole harusi ilikuwa ya nani.

"Hakuna harusi," mama akasema, kwa sauti ya kusikika. "Hivi ndivyo ninavyokula kwangu. Zile nyingine nilikuwa nashinda njaa."

Wapo waliotazama chini. Mtani wake, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, akampa muuguzi kidole chake atoboe.

Ndani, daktari alimfungua kitambaa. Alimwambia afumbe macho, kisha akamgusa nyayo kwa kitu chembamba kama uzi mgumu, sehemu baada ya sehemu, naye alitakiwa aseme anapohisi. Mguu wa kulia alisema mara chache. Wa kushoto alikaa kimya muda mrefu, akisubiri aanze kuguswa, na daktari alikuwa ameshamaliza.

Daktari hakumficha. Alisema kidole hawezi kukiahidi, lakini mguu unaweza kupona kama kidonda kitasafishwa kila baada ya siku moja na sukari ikashuka kweli. Vidonge peke yake havitoshi, ataanza sindano, na mimi nitafundishwa kumchoma mpaka azoee mwenyewe. Nilimwomba anifundishe mara mbili. Mama aliuliza swali moja tu, kama akija na namba kubwa tena watamfukuza. Daktari akasema anayempa shida ni yule anayekuja na namba nzuri.

Nje, dereva wa bodaboda alikuwa anatusubiri. Mama alipanda, akauweka mguu wenye bandeji juu ya begi langu.

"Keshokutwa tunarudi," akamwambia. "Usichelewe. Na usinikimbize, nitakuwa nimetoka kunywa chai."