Gesi ya Samadi Tuliyoahidiwa Maisaka

Enzi zile za foleni za sukari na sabuni, sisi watoto wa Maisaka, pembeni mwa Babati, tulinuka moshi. Sare zilinuka moshi, nywele zilinuka moshi, hata ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ulikuwa na ladha ya moshi. Mafuta ya taa yalikuwa adimu, kwa hiyo tulisoma kwa mwanga wa moto wa jikoni huku mama akipuliza kuni mbichi na kujifuta machozi kwa pindo la khanga.

Ndipo akaja mtaalamu wa serikali. Akatukusanya, akaeleza kwamba samadi ya ng'ombe ikichanganywa na maji shimoni hutoa gesi ya kupikia na kuwashia taa. Majirani walicheka. Mama hakucheka. Alitoa kipande chake cha shamba la maharage nyuma ya nyumba, tukachimba shimo familia nzima, tukalijengea kwa tofali. Tulibeba ndoo za samadi tukiimba nyimbo za mchakamchaka, tukiamini kwamba habari ya kuni imekwisha.

Kilibaki kifuniko cha chuma cha kuzuia gesi isitoroke. Tukaambiwa kiko Arusha. Baadaye, chuma hakuna. Baadaye chuma kipo, gari halina dizeli. Gari lilipopata dizeli, mtaalamu akawa amehamishwa. Mama alikwenda ofisini mara kwa mara, akarudi na jibu lile lile: avute subira.

Masika yakajaza shimo maji, ndama wetu akatumbukia akafa. Jioni ile mama alishika jembe akaanza kufukia. Baba akamsihi angoje kidogo, huenda wataleta.

"Baba Paskali," mama akasema bila kuinua kichwa, "watoto hawali subira."

Tukafukia naye. Kesho yake alichukua kamba akaenda kutafuta kuni, na alipikia kuni mpaka alipofariki, kifua kikiwa kimembana miaka mingi.

Siku hizi umeme ukikatika kidogo tu, wanangu wanazunguka nyumba na chaja mkononi kama waliofiwa. Lakini mkaa bado unashushwa Babati kwa magunia, na jua linatuwakia bure. Juzi, kwenye mkutano wa mtaa, afisa mmoja kijana alitutangazia kwamba mipango ya nishati safi iko hatua za mwisho. Vijana wakapiga makofi. Sisi wa rika langu, kila mmoja alimfikiria mama yake.